Walimuuliza Anajisikiaje

Ijumaa ya tarehe 31 Januari 2020, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini tamko lililoongeza nchi sita kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vikwazo vya kuingia Marekani: Nigeria, Eritrea, Sudan, Myanmar, Kyrgyzstan na Tanzania. Kwetu Pemba habari ilifika kwa simu usiku ule ule, na ilifika ikiwa tayari imeshakatwa miguu. "Trump apiga marufuku Watanzania." Kesho yake Wete nzima ndiyo yaliyokuwa mazungumzo, sokoni, bandarini na kwenye baraza za kahawa.

Haikuwa hivyo. Nchi nne kati ya hizo zilisimamishiwa viza za wahamiaji, yaani za watu wanaokwenda kuishi moja kwa moja. Tanzania na Sudan zilisimamishiwa aina moja tu, ile inayopatikana kwa bahati nasibu, ambayo mitaani tunaiita grini kadi. Mwanafunzi, mfanyabiashara, mgonjwa anayekwenda kutibiwa, mke anayemfuata mumewe, wote hao tamko halikuwagusa. Nililijua hilo mapema kwa sababu katika ukoo wetu alikuwamo mtu ambaye lilimgusa haswa.

Huyo ni mdogo wangu, mtoto wa ami yangu, fundi umeme. Aliomba bahati nasibu hiyo mwishoni mwa mwaka 2018, na Mei 2019 akaona jina lake limetoka. Tangu siku ile alijisomesha mwenyewe mambo ambayo wengi wetu hatujayasikia. Alijua kwamba kuchaguliwa si kupata viza, kwa sababu huchaguliwa watu wengi kuliko nafasi, na nafasi zenyewe hazizidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Alijua kwamba watu huitwa kwa mpangilio wa namba, hivyo kila mwezi alikuwa akitazama taarifa ya namba zilizofikiwa. Alijua kwamba Mtanzania wa fungu lile, yaani la waliochaguliwa mwaka ule, anahojiwa Nairobi, si Dar es Salaam. Na alijua jambo kubwa kuliko yote: viza ya fungu lake lazima itolewe kabla ya tarehe 30 Septemba 2020 kumalizika. Ukipita usiku huo, bahati imekwisha, hata kama kosa si lako, hata kama rais mwingine atakuja kulifuta tamko. Kwa hiyo waliposema kwamba vikwazo vitaanza tarehe 21 Februari bila kutajwa siku ya kumalizika, yeye alishapiga hesabu akanyamaza.

Siku chache baadaye kituo kimoja cha televisheni kikamtafuta. Walikuwa wakiandaa kipindi cha mahojiano kuhusu vikwazo vile na wakataka "muathirika". Neno hilo ndilo walilolitumia kwenye simu. Nikamsindikiza, tukapanda boti kwenda Unguja, yeye kapakata faili la plastiki la rangi ya buluu. Ndani mlikuwamo kila kitu: barua ya kuchaguliwa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na vya ufundi, na pasipoti yake ya kielektroniki, hizi ambazo Tanzania ilianza kuzitoa mwaka 2018. Njiani alikuwa ananiambia atakachokisema. Marekani ilikuwa imetaja sababu kwamba nchi yetu haikidhi vigezo vya utambulisho wa watu na kupeana taarifa za usalama. Yeye alitaka aiweke pasipoti ile mbele ya kamera na kuuliza: kama tatizo ni utambulisho, hii ina kasoro gani? Na kama tatizo ni taarifa ambazo serikali mbili hazipeani, kwa nini anayelipa awe fundi umeme wa Wete, na si mtalii au mfanyabiashara mwenye pasipoti hii hii? Wallahi, katika mijadala yote niliyoisikia baadaye, sikusikia swali lililoingia ndani ya jambo lenyewe kama lile.

Studio walitupokea vizuri. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wakisikia upendeleo wa vyombo vya habari huwaza mtangazaji mwenye chuki, aliyepokea bahasha. Mtangazaji wetu alikuwa kijana mpole, aliyetuletea maji kwa mkono wake. Wageni wengine wawili walikuwa mwanadiplomasia mstaafu na mhadhiri wa chuo. Wakakaa, mdogo wangu akakaa pembeni yao, akaliweka faili lake mezani. Akaja msichana wa mitambo akaliondoa, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani kaka, plastiki inarudisha mwanga wa taa." Akaliweka sakafuni nyuma ya kamera, karibu na miguu yangu. Nikabaki nalo hapo muda wote wa kurekodi.

Mwanadiplomasia akaulizwa: "Mzee wetu, tamko hili lina maana gani kisheria?" Mhadhiri akaulizwa: "Daktari, nini athari zake kwa uhusiano wa nchi zetu?" Ilipofika zamu ya mdogo wangu: "Kaka, ulijisikiaje uliposikia habari hizi?"

Akajibu kwa ufupi kwamba alisikitika, kisha akataka kuingia kwenye hoja yake. Akakatizwa: "Na mama nyumbani, ameipokeaje?" Akajibu hilo pia. Baada ya hapo mhadhiri akasema kwamba kuanzia Februari wanafunzi wetu hawatapata tena viza za masomo. Mdogo wangu akainua mkono. Mtangazaji akamwambia, "Tutarudi kwako, kaka." Hakurudi kwake.

Hapo ndipo nilipofahamu kitu ambacho tangu siku ile nakiona kila nikiwasha televisheni, iwe ya kwetu au ya mbali. Kwenye mahojiano ya uhamiaji viti vimegawiwa kabla ya mtu kukaa. Kuna viti vya kujua na kuna kiti cha kuumia. Aliyekaa kwenye kiti cha kuumia hata awe ameisoma sheria yote, ataulizwa moyo wake tu. Na mwenye kiti cha kujua hata akikosea, hakuna wa kumsahihisha, kwa sababu pekee anayejua kwamba amekosea ameshapewa kazi ya kuhuzunika.

Kipindi kilirushwa juma lililofuata. Tulikitazama nyumbani kwa ami, ukumbi umejaa majirani. Chini ya skrini, tangu mwanzo hadi mwisho, yalikaa maandishi: MAREKANI YAWAFUNGIA MLANGO WATANZANIA. Studio mle mlikuwa na joto la taa na mdogo wangu, kama mtu yeyote, aliwahi kutoa leso akajifuta uso. Sehemu hiyo ikawekwa mara tu baada ya swali la mama, ikapunguzwa kasi, ikatiwa muziki wa huzuni. Mtu ambaye hakutoa hata chozi moja akaonekana analia mbele ya nchi nzima. Majirani wakaanza kumpa pole pale pale. Ami yangu akainuka akatoka nje. Kuhusu tarehe 30 Septemba, kuhusu namba, kuhusu pasipoti, hakuna hata neno moja lililobaki.

Lililoniuma zaidi halikuwa leso.

Jirani yetu mmoja alikuwa na binti aliyepata nafasi ya shahada ya pili Marekani, na msaada wa masomo juu yake. Baba yake alikuwa ameshatenga fedha za maombi ya viza. Baada ya kipindi kile akazirudisha kwenye shughuli zake. Nilikwenda kuzungumza naye.

"Mzee wangu, waliozuiwa ni wa grini kadi tu. Binti yako anakwenda kusoma, haimuhusu."

"Maalim, mimi nimeona kwa macho yangu. Wameandika pale chini, Watanzania wamefungiwa. Na yule daktari kasema wanafunzi nao wamo."

"Daktari kakosea."

"Sasa televisheni ikimleta mtu wa kukosea, inapata faida gani?"

Nikamchapishia tamko lenyewe, nikamfasiria sehemu ya Tanzania, ambayo ni fupi. Alichukua wiki kadhaa kukubali, na sikumlaumu, maana mimi nilikuwa mwalimu wa skuli ya jirani na wao walikuwa televisheni. Alipokubali ilikuwa Machi. Tarehe 20 ya mwezi huo balozi za Marekani duniani kote zikasitisha huduma za kawaida za viza kwa sababu ya korona. Binti yule hakwenda. Si Trump aliyemzuia.

Tangu hapo nikawa na tabia ya kuyarudia mahojiano, hata ya zamani, nikiandika maswali tu bila majibu. Nawashauri wenzangu walimu walifanye na wanafunzi. Ukiandika maswali peke yake, mwelekeo wa kipindi unaonekana. Baada ya tamko la 2020 vipindi vyetu viligawanyika pande mbili. Upande mmoja ukiuliza, "Serikali yetu imefanya nini mpaka tukaadhibiwa?" Upande wa pili ukiuliza, "Kwa nini Marekani inatuonea?" Wanaonekana mahasimu, na kumbe wote wawili wameruka swali moja: ni viza gani, na inawahusu akina nani? Mmoja ameshakubali ni adhabu, mwingine ameshakubali ni uonevu, na mgeni aliyealikwa kazi yake ni kuchagua kati ya hayo mawili. Kulikuwa na swali la tatu lililonikera kuliko yote: "Kwa nini vijana wetu wanaikimbia nchi?" Mdogo wangu hakuwa anakimbia. Alitaka kufanya kazi ya waya na umeme mahali panapolipa, kama wazee wetu walivyovuka bahari kwa miaka mia kadhaa.

Kwa Wamarekani wenyewe nilijifunza kwamba upendeleo hauendi sawa na chama anachokipenda mtangazaji. Tamko la kwanza la Trump, la tarehe 27 Januari 2017, liligusa nchi saba: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Siku ya pili yake Rudy Giuliani, aliyewahi kuwa meya wa New York, alihojiwa kwenye Fox News na Jeanine Pirro, mtangazaji aliyejulikana kwa kumuunga mkono Trump. Akamuuliza kama zuio lile linahusiana na dini, na nchi saba zile zilichaguliwaje. Giuliani akaeleza kwamba mwanzoni Trump alizungumzia kuwazuia Waislamu, kisha akamtaka yeye atafute njia ya kulifanya kisheria. Maneno yale yakachukuliwa na mawakili hadi mahakamani. Swali lilikuwa jepesi, la "vipi" tu, na limetoka kwa rafiki.

Siku chache baadaye, tarehe 2 Februari, mshauri wa Trump, Kellyanne Conway, alihojiwa kwenye televisheni ya MSNBC na Chris Matthews, ambaye hakuwa shabiki wa serikali ile. Conway akataja mauaji ya Bowling Green, akasema watu hawayajui kwa kuwa hayakutangazwa. Hayakutangazwa kwa kuwa hayakutokea. Kilichotokea huko Bowling Green, jimbo la Kentucky, mwaka 2011, ni kukamatwa kwa Wairaki wawili walioshitakiwa kwa kujaribu kuwapelekea silaha na fedha Al-Qaeda wa Iraq. Matthews akapita bila kumzuia. Kesho yake Conway mwenyewe akasema alimaanisha jambo jingine, lakini mtazamaji aliyezima televisheni yake usiku ule alilala akiamini kwamba wakimbizi wameua watu Kentucky. Mtangazaji asiyeyajua mambo ni hatari hata akiwa upande wako. Zuio lenyewe liliendelea kubadilishwa, na tarehe 26 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalipitisha toleo la tatu kwa majaji watano dhidi ya wanne.

Sisi Wapemba tungepaswa kuwa wa mwanzo kuyaona haya, kwa sababu na sisi tumekalishwa kwenye kiti kile. Wavuvi wetu wamekuwa wakienda dago pwani ya Kenya tangu enzi za mababu. Upepo ukigeuka wanavuka, wanapiga kambi, wanavua, wengine wanaoa huko huko na kubaki. Baada ya polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji huku Zanzibar tarehe 26 na 27 Januari 2001, zaidi ya watu elfu mbili walivuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya. Mjomba wangu alikuwa dagoni huko siku hizo. Anasema waliokuja na kamera waliwatafuta akina mama wenye watoto wachanga, wakawapanga mkekani, wakawauliza kama wana njaa na kama wanaogopa. Wanaume waliokuwa wameona kilichotokea walikuwa wamesimama pale pale, wanajua ni mtaa gani na saa ngapi. Hawakuulizwa.

Na wale waliobaki Kenya vizazi kwa vizazi waliishi bila uraia hadi mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa miongoni mwa makabila ya nchi hiyo. Kabla ya hapo nilitazama mahojiano mengi yao. Swali lililorudi mara kwa mara ni, "Nyinyi mliingia Kenya lini?" Linaonekana halina ubaya. Lakini anayejua historia ya pwani hii anajua kwamba ule ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, Waingereza wakiuendesha kwa makubaliano. Babu aliyeshuka pale na ngalawa yake mwaka 1940 hakuingia nchi ya watu; bendera ilikuwa ile ile aliyoiacha Pemba. Mpaka ndio uliomkuta yeye. Mzee akiulizwa "mliingia lini" anababaika, anataja mwaka wa kubahatisha, na mtazamaji anamuona mtu anayeficha kitu. Angeulizwa, "Babu yako alipofika, hapa palikuwa pa nani?" angetoa somo ambalo watazamaji wengi wa Kenya na wa Tanzania hawajalipata skuli.

Mdogo wangu hakupata viza. Joe Biden alilifuta tamko tarehe 20 Januari 2021, siku yake ya kwanza, na watangazaji walewale wakasema mlango umefunguliwa. Simu za pongezi zikaja nyumbani. Yeye akawa na kazi ya kumueleza kila aliyepiga kwamba fungu lake lilikwisha tangu Septemba. Ilimchukua muda kupata tena raha ya kuzungumza na watu.

Desemba 2025 Trump, aliyerudi madarakani, akatia saini tamko jingine, na Tanzania imo tena, safari hii kwa upana zaidi: wahamiaji, na pia viza za matembezi, za biashara na za masomo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Sababu iliyotajwa sasa ni watu kukaa kupita muda wa viza zao. Kosa la 2020 lilikuwa kukuza. La safari hii lingeweza kuwa la kinyume chake, kwa kuwa wengi walikumbuka kwamba "mara ile haikuwa kitu."

Mtayarishaji mmoja wa vipindi akanipigia, akitafuta mwanafunzi aliyeathirika. Nikamwambia ninaye, msichana niliyemsomesha, aliyekuwa akisubiri miadi ya viza, na kwamba amelisoma tamko kuliko mimi. Nikamuuliza watamuuliza nini. Akacheka kidogo, akasema, "Maalim, mambo ya kawaida, alijisikiaje." Nikamwambia atakuja kwa sharti moja: mwenye kueleza tamko linasema nini awe yeye, na mtaalamu azungumze baada yake. Tulivutana. Akasema mhariri wake hatakubali, watazamaji wanataka hisia. Nikamsimulia habari ya binti wa jirani yetu na baba yake. Kesho yake akanirudia, wamekubali kwa nusu ya kwanza ya kipindi.

Maandishi ya chini yalikuwa yale yale ya kufunga mlango, hilo sikuliweza. Lakini kilikuwa kipindi cha moja kwa moja, hapakuwa na wa kukata, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Dada, mwenye viza mkononi leo, inafutika?" Akajibu kwamba haifutiki; tamko linamhusu ambaye siku lilipoanza alikuwa nje ya Marekani na hakuwa na viza halali. Akafafanua aina moja moja. Simu ya kwanza kutoka kwa watazamaji ilikuwa ya baba mmoja wa Chake Chake. Mwanawe yuko chuoni huko mwaka wa pili, na jamaa walikuwa wamemshauri amuite nyumbani kwa ajili ya harusi ya dada yake, mwezi ule ule.

"Viza yake inakwisha lini, baba?" msichana akamuuliza.

Mzee akasema ngoja, akasikika akimuita mtu alete karatasi. Mtangazaji, kwa mara ya kwanza tangu nianze kutazama vipindi hivi, akasubiri. Tarehe ikasomwa. Ilikuwa imeshapita.

"Basi asitoke, baba," akasema. "Akiwa ndani anaendelea kusoma, maadamu yupo chuoni na karatasi zake za chuo ziko sawa. Akitoka atahitaji viza mpya ya kurudia, na hiyo kwa sasa huenda asipewe. Muache amalize."